Mahame si Pori: Safari ya Kiangazi katika Nchi ya Buha

Kiangazi ni majira ya safari katika nchi za bara. Tangu kale, mvua zilipokatika na njia kukauka, ndipo watu walipofunga mizigo yao. Wachukuzi wa misafara walishika njia ya Ujiji; wapika chumvi walishuka kwenye chemchemi za Uvinza; na katika karne iliyofuata vijana wa Kiha waliwaaga mama zao wakaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mimi nami, katika likizo ndefu ya mwaka jana, nilisafiri kiangazi, peke yangu, kwa motokaa kuukuu, kutoka pwani hadi nyanda za juu za Kibondo na Kasulu.

Sikusudii kumchosha msomaji kwa habari za magurudumu yaliyopasuka wala za vumbi nililolimeza. Nakusudia kueleza jinsi safari ile ilivyonilazimisha kufuta maneno mawili katika maandishi yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana fasihi na historia ya lugha yetu, na kila nilipofika kwenye habari za misafara ya karne ya 19 niliwaambia kwamba kati ya Unyamwezi na Ziwa Tanganyika palikuwa na sehemu kubwa ya "pori tupu". Maneno hayo sikuyapata kwa uchunguzi. Niliyaona katika vitabu vya wasafiri, nikayatafsiri, nikayazoea, hata yakawa kama elimu.

Nilipita Dodoma katika ukame wake, nchi ya mibuyu na ardhi nyekundu, kisha nikapanda Kondoa ili niyaone mapango ya Kolo. Msafiri afikaye huko hudhani atakuta majabali na picha za watu waliokufa zamani, basi. Kwa hakika picha zipo, za wanyama na za watu warefu wembamba, na mwaka 2006 mahali hapo palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini penye mwamba wa Mongomi wa Kolo wenyeji wangali wakienda kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa. Pango ambalo mgeni aliliona kuwa la kale tu, kwa mwenyeji ni mahali pa ibada ya leo. Nililiandika jambo hilo katika daftari langu bila ya kulifikiri sana, nikashika njia ya Singida, Nzega, Kahama, hata Nyakanazi. Na hapo nikageukia kusini kuingia Buha.

Yafaa nimweleze msomaji asiyeijua nchi hiyo. Buha haikuwa na mfalme mmoja. Ziliko wilaya za leo palikuwa na dola kadhaa, kila moja chini ya mwami wake. Buyungu kaskazini, uliko mji wa Kakonko. Muhambwe, uliko mji wa Kibondo. Na Heru, uliko mji wa Kasulu, ndizo zijulikanazo zaidi. Majina ya Buyungu na Muhambwe hayakufa, kwani yalikuja kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi wa Bunge. Chini ya mwami walikuwako watwale waliosimamia sehemu za nchi. Lakini kando ya watwale alikuwako mtu mwingine, ambaye wageni wengi hawakumtambua, naye ni mteko. Huyu ndiye aliyekuwa mlinzi wa ardhi. Mtu aliyetaka kufungua shamba jipya alikwenda kwake, na yeye ndiye aliyefanya matambiko ya kuipatanisha ardhi na watu. Naomba msomaji amshike mteko huyo moyoni, maana nitamrudia.

Siku ya pili baada ya kufika Kibondo nilikwenda katika kijiji kimoja upande wa mashariki. Nyumba za watu, migomba na mashamba ya maharage na mihogo hukoma polepole huko, na miti ya miombo huanza kutawala. Mbele zaidi ardhi huteremka kuelekea mbuga kubwa za maji za Moyowosi na Malagarasi. Mzee mmoja, mwenye umri uliopita miaka themanini, alinipokea kwa salamu ndefu ya Kiha ambayo haikamiliki bila ya kupiga makofi taratibu, na mimi nikajitahidi kuyafuatisha makofi yake. Nikamwambia, "Baba, nimekuja kuliona pori." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, pori lipi? Huko ndiko alikozaliwa baba yangu."

Tulikwenda naye kwa miguu muda wa saa moja. Hatukuingia katika eneo la hifadhi, kwani kuingia humo kwahitaji kibali. Tulibaki kando yake. Akanionyesha safu ya minyaa mirefu iliyoota mstari mmoja, jambo ambalo minyaa ya mwituni haifanyi. Akanionyesha jiwe la kusagia lililobonyea katikati, limefunikwa na nyasi hadi nusu. Akanionyesha kichuguu ambacho, kwa maneno yake, kilikuwa nje ya ua wa babu yake, na watoto walikatazwa kukichezea. Mimi nisingaliona lolote katika hayo. Ningalipita na motokaa yangu nikasema, "Tazama miombo ilivyo mizuri," nami ningalikuwa napita juu ya kizingiti cha nyumba ya mtu.

Usiku ule niliwaza juu ya lugha yetu. Kiswahili hakina umaskini katika jambo hili. Tuna nyika, tuna mbuga, tuna msitu, tuna jangwa, tuna pori. Lakini tuna pia neno mahame, litokanalo na kuhama, yaani mahali palipohamwa na watu; na tuna ganjo, mahali palipokuwa na mji au nyumba zamani. Wazee wetu wa lugha walijua tofauti kati ya mahali pasipopata kukaliwa na mahali palipoachwa. Mimi, mwalimu wa lugha hiyo, nilikuwa nimechukua neno moja na kulifunika juu ya yote mawili.

Sasa tutazame historia. Tukianza na wasafiri wale wale waliotuletea maneno ya "pori tupu", tutaona kwamba maandishi yao yanawasuta. Burton na Speke walipokwenda Ujiji mwaka 1858 hawakuvuka mto Malagarasi wapendavyo; iliwabidi wapatane na wenye kivuko na kulipa. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alipita kusini mwa Buha na huko alidaiwa hongo mara baada ya mara. Mwishowe aliona afadhali aiache njia, akapita usiku kwa siri, asikutane na mtawala mwingine wa kumdai. Yeye aliyasimulia hayo kama mashaka aliyotendewa na watu wenye tamaa. Mwanahistoria yampasa ayasome kwa namna nyingine. Hongo ni ushuru. Hutozwa penye mpaka, na mpaka huwapo penye dola. Mtu hapiti usiku kwa kunyemelea mahali pasipo mwenyewe.

Kadhalika chumvi. Mwaka 1967 wanachuoni wawili, Sutton na Roberts, walichimba Uvinza, wakathibitisha kwamba chumvi ilikuwa ikipikwa hapo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, wakati maji ya mto yalipopungua na chemchemi za maji ya chumvi kuonekana. Watu walitoka mbali, wakajenga vibanda, wakakata kuni, wakachemsha maji katika vyungu, nao watawala wakapata sehemu yao. Kazi kama hiyo haiwezekani bila ya njia, chakula cha njiani na amani ya kiasi fulani. Na hayo yote hutoka kwa watu wakaao katika nchi.

Basi nchi iliyokuwa na watu, mipaka na njia, iligeukaje kuwa pori? Jibu la kwanza ni sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukafyeka mifugo katika nchi nyingi. Ng'ombe hakuwa maziwa na mahari tu. Yeye na mwenyewe, kwa malisho, kwa moto wa kila mwaka na kwa jembe, walikuwa wakizuia kichaka kisisogee. Ng'ombe walipokufa kichaka kilisogea. Wanyama wa mwitu, walipoongezeka tena, wakaingia katika kichaka. Na mbung'o wakawafuata wanyama. Mambo hayo yalielezwa vizuri na John Ford katika kitabu chake cha mwaka 1971, na baada yake na Helge Kjekshus mwaka 1977. Wote wawili wanatufundisha kwamba pori la mbung'o, katika sehemu nyingi za Afrika, ni mtoto wa msiba.

Jibu la pili ni vita na kazi. Wajerumani waliifikisha reli Kigoma mwaka 1914, na mwaka huo huo vita ikaanza. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliiteka nchi hiyo, na Wabelgiji wakaitawala mpaka mwaka 1921 walipowaachia Waingereza. Majeshi hayo yalihitaji wachukuzi na vyakula, na vyote viwili vilitoka vijijini. Chini ya Waingereza Buha ikawa nchi ya kutoa vibarua. Watu waliokwenda katika mkonge waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Na tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chama chao cha kuwaandika na kuwasafirisha, kiitwacho SILABU. Kila kijana aliyepanda gari moshi pale Kigoma alikuwa ni jembe moja lililopungua katika vita vya kila siku kati ya shamba na kichaka.

Jibu la tatu ni malale. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o, nao ulipoenea katika magharibi ya Tanganyika baada ya vita, serikali ya Waingereza iliamua kuwakusanya watu. Katika Buha kazi hiyo ilianza mwaka 1933. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila moja katika shamba lake, ziliamriwa zihame na kukaa pamoja katika makazi yaliyosongamana, ili ardhi ilimwe mfululizo na mbung'o akose kivuli cha kukaa. Nchi walizoziacha zikabaki bila mtu. Kwa habari za yule mzee, baba yake alikuwa kijana wakati huo. Walibeba vyungu, mbegu na mlango wa nyumba. Jiwe la kusagia lilikuwa zito, wakaliacha, wakinuia kulirudia.

Huenda msomaji akasema, "Je, serikali ingalifanya nini? Iwaache watu wafe?" Swali hilo ni la haki, nami sitaki kulikwepa. Malale huua. Mtu huanza kwa homa, kisha hupotewa na usingizi wa usiku na kusinzia mchana, akili humtoka, na asipotibiwa hufa. Kuwakusanya watu kulikuwa na maana ya kiganga: mahali palimwapo sana mbung'o hakai, na daktari huweza kuwapima watu walio pamoja kuliko waliotawanyika. Sisemi kwamba waliotoa amri ile walikuwa waovu. Nasema mambo mawili tu. La kwanza, dawa ile ilikuwa ni kujaribu kurudisha, kwa amri, kile ambacho watu walikuwa wakikifanya kwa hiari kabla ya sotoka na vita kuwavunja nguvu. La pili, walioamuru walihesabu watu, nyumba na wagonjwa, hawakuhesabu mateko. Mteko aliijua ardhi ya mahali fulani, na matambiko yake yalikuwa ya mahali hapo. Alipohamishwa akapelekwa juu ya ardhi ya mteko mwingine, alibaki mtu kama watu wengine, na elimu yake ikawa kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Kuhama hakukuishia hapo. Mwaka 1963 sheria ya uchifu ilifutwa katika Tanganyika, na enzi ya wami, akiwamo Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyekuwa mashuhuri katika siasa za nchi, ikafika mwisho. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa tena, safari hii kuingia katika vijiji vya ujamaa. Yule mzee alikuwa kijana wakati huo. Akaniambia, "Baba alihamishwa na Mwingereza kwa ajili ya mbung'o, mimi nikahamishwa na serikali yetu kwa ajili ya maendeleo. Shule tuliipata, na zahanati tuliipata, sikatai. Lakini mtoto wangu akiniuliza kwetu ni wapi, nimwonyeshe wapi?"

Nami nilipoendelea na safari yangu kwenda kusini, nikauvuka Malagarasi na kupita Makere, niliona kwamba nchi hii iliyohamishwa mara nyingi imekuwa nchi ya kuwapokea waliohama. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Huko Kibondo kambi ya Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipovuka mpaka. Mahali palipokuwa miombo pakawa miji ya watu maelfu kwa maelfu. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, ile nayo ikawa mahame. Baada ya miaka hamsini msafiri mwingine atapita, ataona mti wa embe na vipande vya matofali katika nyasi, naye huenda akasema, "Pori."

Mahame yale ya mashariki yalipataje kuwa hifadhi? Nchi ikiisha kukaa bila watu kwa muda mrefu, huonekana kana kwamba haikuwa nao kamwe. Sehemu kubwa ya bonde la Moyowosi ilitengwa kuwa Pori la Akiba, na mwaka 2000 mabonde ya Malagarasi na Muyovozi yakawa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,500. Ni kweli kwamba vinamasi vya katikati havikuwa makazi ya watu. Maji yalikuwa maji, na makorongo na viboko walikuwa wenyeji. Lakini kingo za eneo hilo zina minyaa iliyopandwa kwa mstari.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya kwetu peke yetu. Watu wa Marekani hupenda kusafiri wakati wa joto, mtu peke yake na gari lake, katika mbuga zao za jangwa na katika mapango makubwa kama yale ya Carlsbad, kwa kutafuta upweke. Miongoni mwa majangwa hayo liko bonde liitwalo Death Valley, yaani Bonde la Mauti. Kwa Watimbisha, kabila la Washoshone, bonde hilo halikuwa la mauti. Lilikuwa kwao, nao walijua chemchemi zake na majira ya matunda yake. Serikali ya Marekani ililitenga kuwa hifadhi mwaka 1933, mwaka ule ule ambao Waha walianza kukusanywa. Watimbisha hawakukoma kudai kwao, hata mwaka 2000 sheria ikapitishwa ya kuwarudishia ekari zaidi ya 7,000, sehemu yake ikiwa ndani ya hifadhi yenyewe. Hivyo mwaka ule ule ambao Moyowosi iliandikwa katika daftari la dunia kwa sababu ya ndege na maji yake, bonde lile la Marekani liliandikwa tena kuwa ni nchi ya watu.

Sitoi mfano huu ili nidai kwamba hifadhi ya Moyowosi igawanywe mashamba. La. Bonde lile ni mama wa mto, na mto ule hunywesha watu wengi. Likiharibiwa, wajukuu wa yule mzee watakuwa wa kwanza kuona kiu. Ninalodai ni dogo zaidi, na pengine ni gumu zaidi. Nadai kwamba nchi iitwe kwa jina lake la haki. Mahali palipokaliwa pasiitwe patupu, wala katika vitabu vya shule, wala katika mafundisho yetu ya chuo. Mtoto wa Kibondo akifundishwa kwamba historia ya kwao ni njia ya Stanley na pori lililokuwa pande zote, atajiona kuwa ni mtu aliyetoka mahali pasipo habari.

Na kazi hii haingoji. Yule mzee ni mtoto wa mtu aliyehama mwaka 1933. Yeye akiondoka, hakuna atakayejua kwamba kichuguu kile kilikuwa nje ya ua. Kila kilima, kijito na kisima katika nchi ile kilikuwa na jina, na jina ni hati ya umiliki kwa watu wasioandika. Nawasihi wanafunzi wetu watokao Kigoma, watumie likizo ya kiangazi kama nilivyoitumia mimi, lakini kwa faida kubwa zaidi, kwa kuwa wao wanakijua Kiha na mimi sikijui. Waende na daftari, wawaulize wazee majina ya mahali, nani alikuwa mteko wa wapi, na njia ya chumvi ilipita kando ya mti gani.

Mimi nilimalizia safari yangu Uvinza, nikarudi nyumbani. Kabla ya muhula kufunguliwa nilitoa maandishi yangu ya zamani, nikatafuta ukurasa wenye maneno "pori tupu", nikayapiga mstari. Juu yake nikaandika "nchi ya Waha, iliyokuwa na watu wake." Kisha nikaongeza pembeni, ili nisisahau kuwaeleza wanafunzi, jina la kilima alilonitajia yule mzee, alikozaliwa baba yake.